Taa za Ndani ya Vifaru vya Wajerumani



Muhula uliopita, katika chama chetu cha sayansi, tulionyeshwa picha za vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia. Kila mtu aliuliza habari za mzinga, unene wa chuma na mwendo wake. Kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye hukaa nyuma na hasemi sana, akanyosha mkono akauliza: "Kaka, ndani mle mna giza au mna taa?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu sikulijua. Basi nikaenda maktaba, nikamsumbua mwalimu wetu wa fizikia kwa siku nyingi, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika hapa kwa kuwa swali lile lilitufikisha mahali ambapo hatukupatazamia.

Giza ndani ya chuma

Tuchukue kifaru kiitwacho Tiger, kilichoingia vitani mwaka 1942. Uzito wake ulikuwa kama tani 57, na bamba la mbele lilikuwa na unene wa milimita 100. Watu watano walikaa ndani yake. Dereva na mtu wa redio walikaa mbele. Mkuu wa kifaru, mpiga mzinga na yule wa kupakia makombora walikaa katika kichwa cha juu, kile kinachozunguka pamoja na mzinga. Vifaru vingine vikubwa vya Wajerumani, yaani Panzer IV na Panther, navyo vilibeba watu watano.

Milango ikifungwa wakati wa mapigano, nuru ya jua huingia kwa shida, kupitia vioo vizito vya kuchungulia tu. Hata saa sita mchana mle ndani ni kama ghalani. Na humo gizani watu hawa walikuwa na kazi za kuonea: kusoma ramani, kutazama saa za mafuta na joto la injini, kutafuta idhaa ya redio, kuchagua kombora linalotakiwa. Kwa hiyo mafundi walifanya kwanza jambo rahisi lisilo na umeme: sehemu ya juu ya ndani waliipaka rangi nyeupenyeupe kama pembe ya ndovu. Ukuta mweupe hurudisha nuru, ukuta mweusi huimeza. Hata mama zetu wapakao chokaa ukuta wa jiko wanaijua elimu hiyo, ingawa hawaiiti fizikia.

Umeme ulitoka wapi?

Umeme wa taa na redio ulikuwa wa volti 12. Ulitoka katika jenereta iliyozungushwa na injini, nayo ikazijaza betri. Tiger ilikuwa na betri mbili za volti 12. Injini ikizimwa, jenereta husimama, na kila kinachowaka huila betri.

Hapa naomba niungame. Mimi ni mtunza taa wa bweni letu, na taa zetu za usiku hutumia betri za volti 12 zinazojazwa na jua. Usiku mmoja nililala bila kuzima taa za chumba cha kusomea, zikawaka hadi alfajiri. Kesho yake mawingu yalitanda na mvua ikanyesha mchana kutwa. Jioni, saa mbili kamili, taa zote zikafifia zikafa, na asubuhi yake wenzangu walikuwa na mtihani wa majaribio. Hawakunitukana. Walikaa gizani kimya, na kimya kile kilinichoma kuliko matusi. Tangu siku hiyo naelewa vema mtu wa kifaru aliyeambiwa azime taa asiyoihitaji.

Maana kwake hatari ilikuwa kubwa zaidi. Betri ile ile iliyowasha taa ndiyo iliyotakiwa kuamsha injini kwa stata. Tufanye hesabu kwa mfano. Twajua kwamba wati ni volti mara ampea. Tuseme stata inataka wati 4,000. Kwa volti 12 itavuta ampea 333. Kwa volti 24 itavuta ampea 167 tu. Tena joto linalopotea katika waya hufuata mraba wa ampea. Ampea zikipungua nusu, hasara hupungua hadi robo. Ndiyo maana stata kubwa za vifaru hivi zilitumia volti 24. Wakati wa kuwasha injini, betri mbili ziliungwa kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti zikajumlika. Kisha zikarudi kutumikia taa na redio kwa volti 12.

Adui mwingine wa betri ni baridi. Dawa zilizomo hufanya kazi polepole baridi ikizidi, na betri iliyojaa huonekana kama imeishiwa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1941 huko Urusi, joto lilishuka chini ya nyuzi 30 za hasi, na askari walifikia kukoka moto chini ya injini. Kwa shida kama hiyo vifaru viliwekewa stata ya mkono. Watu wawili husimama nyuma wakizungusha mkono mrefu wa chuma, gurudumu zito ndani huanza kuzunguka, likipata kasi huunganishwa na injini. Fikirini kazi hiyo katika theluji, na pengine adui yu karibu.

Umeme mwingine wa kifaru

Taa hazikuwa peke yake mezani. Redio ya kawaida ya vifaru ilitoa mawimbi ya wati 10. Balbu zake za zamani zilitaka volti nyingi kuliko 12, kwa hiyo kulikuwa na mashine ndogo inayozunguka ili kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti kubwa. Watu wa ndani walisemezana kwa vipokeasauti vya masikioni, na vipaza sauti vilifungwa kooni ili vishike mtikisiko wa koo na si kelele za injini.

Mzinga nao ulihitaji umeme. Kombora la Tiger lilikuwa na kiwashio cha umeme katika kitako cha ganda lake. Mpiga mzinga alipobonyeza, umeme ulipita ukachoma baruti. Hapakuwa na nyundo ya kugonga kama katika bunduki ya kawaida.

Swali zuri ni hili: kichwa cha kifaru huzunguka duara zima, je, waya hazisokotwi zikakatika? Dawa yake ni pete za madini zilizowekwa sakafuni pa kile kichwa. Vipande vya kugusa huteleza juu ya pete hizo, na umeme hupita hata kichwa kikizunguka mara mia.

Katika Panzer IV kichwa chenyewe kilizungushwa na mota ya umeme, nayo ilikuwa na injini yake ndogo ya pembeni na jenereta yake. Lakini katika toleo la mwisho, lililoanza kutengenezwa mwaka 1944, injini hiyo ndogo iliondolewa ili nafasi yake iwekwe tangi la mafuta. Tangu hapo kichwa kilizungushwa kwa mikono. Mwaona basi, hata umeme una bei yake. Hapo walipima, wakachagua kwenda mbali kuliko kugeuka upesi.

Taa zenyewe

Sasa nalijibu swali la kijana wetu. Ndiyo, taa zilikuwamo, ila ndogo. Kwanza, zilikuwapo taa za darini zenye kifuniko kigumu, ili mtu akijigonga asivunje balbu. Pili, saa za mbele ya dereva zilikuwa na taa zake za kusomea. Tatu, katika darubini ya mpiga mzinga palikuwa na kitaa kidogo cha kuangaza zile alama za kulengea. Pasipo hicho, usiku alama nyeusi hazionekani juu ya nchi nyeusi. Nne, ilikuwako taa ya mkono, yenye waya mrefu wa kuchomeka katika soketi. Hiyo ndiyo taa ya fundi. Huitoa nje, huiingiza katika chumba cha injini, huitafutia pini iliyoanguka au bomba linalovuja. Ukitaka kuijua, tazama taa ya gereji yoyote mjini, ile yenye balbu ndani ya kizimba cha waya.

Yako manufaa ya balbu za volti ndogo. Balbu ya wati 10 kwa volti 12 ina ukinzani wa omu 14.4, balbu ya wati 10 kwa volti 240 ina omu 5,760. Kwa hiyo uzi wa ile ya kwanza ni mfupi na mnene, na ule wa pili ni mrefu na mwembamba. Katika chombo kinachotikisika juu ya mawe siku nzima, uzi mnene huishi zaidi.

Tena askari wengi walichukua tochi bapa ya kuning'iniza kifuani kwa kifungo cha koti. Betri yake ilikuwa ya volti 4.5, yaani seli tatu za volti 1.5 zilizopangwa kwa mfuatano. Mbele ya balbu palikuwa na vipande vya rangi vya kusukuma kwa kidole: chekundu, kijani na buluu. Kwa rangi hizo waliweza kupeana ishara bila kupiga kelele.

Taa na jicho

Rangi zina faida nyingine, nayo ni ya elimu ya viumbe. Katika jicho mna chembe za aina mbili za kupokea nuru: zile za kuonea rangi mchana, na zile za kuonea gizani. Mtu akitoka kwenye mwanga mkali, zile za gizani huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kupata nguvu zake zote. Mwanga mweupe wa nukta chache waweza kuharibu kazi hiyo, ikabidi kuanza upya. Lakini chembe za gizani haziioni sana nuru nyekundu, kwa hiyo mtu asomaye ramani kwa taa nyekundu iliyofifia aweza kuinua macho akaendelea kuona njia.

Kumbe basi, taa nzuri kwa watu hawa haikuwa ile yenye mwanga mwingi. Ilikuwa ile iliyotosha kazi na kuliacha jicho zima.

Taa ya nyuma yenye madirisha manne

Msafara wa vifaru na magari ulikwenda usiku bila taa kubwa, kwa hofu ya ndege. Mbele paliwekwa taa yenye kofia, iitwayo Notek, ambayo ilitupa nuru chini karibu na njia, isionekane toka juu. Nyuma paliwekwa taa ndogo ya ajabu. Ilikuwa na madirisha manne madogo katika mstari mmoja, mawili mawili. Dereva aliyefuata akiona nuru nne, alijua yu karibu mno, chini ya mita 25 hivi. Akiona mbili, mwendo wake ni mzuri. Akiona moja, amepitwa zaidi ya mita 35 hivi, na aongeze mwendo.

Taa haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni uwezo wa jicho. Jicho zima, penye nuru nzuri, laweza kutenganisha vitu viwili vyenye pembe ya dakika moja kati yao, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Pembe hiyo, kwa umbali wa mita 25, ni milimita 7 hivi; kwa mita 35 ni milimita 10. Vitu vikiwa karibu zaidi ya hapo, jicho huviunganisha vikawa kimoja. Basi fundi aliyepima nafasi kati ya madirisha yale alilifanya jicho la dereva kuwa rula.

Jaribio letu

Jambo hili tulitaka kulihakikisha. Tulichukua kopo la maziwa, tukalitoboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 2, tukaweka karatasi nyembamba na tochi ndani yake. Usiku, penye kiwanja cha mpira, tuliliweka juu ya kiti, kisha kila mtu akarudi nyuma akihesabu hatua mpaka nuru mbili ziwe moja. Kwa hesabu ya dakika moja jibu ni mita 69. Wengi wetu tulipata hatua 50, kama mita 38. Mwalimu alieleza kwamba usiku mboni hufunguka sana, na nuru za taa hutawanyika, kwa hiyo jicho hupoteza ukali wake. Jaribio halikukosea, sisi ndio tuliosahau usiku.

Ikawa zamu ya kijana yule wa kidato cha pili, mwenye swali. Alisimama hatua 50, akasema moja. Tukamwita hatua 40, moja. Thelathini, moja. Nilidhani afanya mzaha, nikamkaripia. Alipofika hatua 12 alisema polepole: "Kaka, sasa naona kama mbili." Vicheko vikaisha.

Nami nilikumbuka jambo lililonitia haya. Muhula ule ule, nikiwa kiranja, nilikuwa nimemwadhibu kufagia bwalo kwa siku tatu, kwa kuwa alikamatwa akinakili daftari la jirani yake. Alikuwa akinakili ubao asioweza kuuona kutoka nyuma. Hakujitetea, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kwamba sisi wengine twauona.

Mwalimu alipeleka habari kwa mkuu wa shule, kijana akapelekwa kupimwa macho, akarudi na miwani. Nilimwomba radhi mbele ya wale waliomwona akifagia. Juma lililofuata alinijia akicheka, akaniambia: "Kaka, kumbe mwalimu wa hesabu huandika na nukta!"

Mwisho

Ndugu zangu, nisieleweke kuwa navisifu vifaru. Vilitumika kuvamia nchi za watu, na watu wengi waliteketea mbele yake na ndani yake pia. Viwanda vya vita vya Ujerumani vilitumia mamilioni ya watu waliotolewa makwao kwa nguvu. Pengine mkono uliofunga balbu fulani ulikuwa wa mateka. Tiger moja, yenye namba 131, ilitekwa na Waingereza huko Tunisia mwezi wa Aprili 1943, na sasa imo katika makumbusho ya Bovington, Uingereza. Huko ni chombo cha kutazamwa na kusomewa, na hiyo ndiyo kazi inayokifaa.

Elimu ya nuru na jicho haina kosa. Ile iliyomwongoza dereva kwenda vitani, kwetu imemtoa kijana mmoja nyuma ya darasa. Basi nawaomba viranja wenzangu: kabla ya kumwadhibu mtu kwa uvivu, mpimeni kwanza kwa kopo na tochi. Nanyi wakubwa wetu mlio kazini, mkija kututembelea, ulizeni ni wangapi hapa wasioona ubao.

Maswali ya kujipima

1. Taa ya wati 6 kwa volti 12 huvuta ampea ngapi? Betri ya ampea-saa 150 ingeiwasha kwa saa ngapi, tusipohesabu hasara?

2. Seli nne za volti 1.5 zikiungwa kwa mfuatano hutoa volti ngapi?

3. Matundu mawili yameachana sentimita 3. Kwa pembe ya dakika moja, yataonekana moja kuanzia umbali gani?

4. Kwa nini mlinzi wa usiku asitazame taa nyeupe kabla ya kutoka nje?

Majibu: (1) Ampea 0.5, saa 300. (2) Volti 6. (3) Kama mita 103. (4) Jicho lake litahitaji hadi nusu saa kulizoea giza tena.

Wasalaam, wenu mtunza taa, kidato cha sita.